Sinki la choo la kununua Dar: uliza lita kabla ya bei

Ukiingia maduka ya vifaa vya ujenzi Kariakoo, muuzaji ataanza kukusifia mng'ao wa sinki na mfuniko unaojishusha wenyewe taratibu. Muulize kwanza: likiflashiwa linakunywa lita ngapi? Namba hiyo mara nyingi huandikwa kwenye boksi au ndani ya tangi. Akianza kubabaika, mwambie afunue tangi muangalie wote.

Chukua nyumba ya watu 5, kila mmoja anaflashi mara 5 kwa siku. Tangi la lita 9 litameza lita 225. La vitufe viwili, lita 3 kwa haja ndogo na 6 kwa haja kubwa, litatumia lita 90 kama kila mtu anabonyeza kikubwa mara moja tu. Tofauti ni lita 135, karibu madumu 7 ya lita 20. Aliyeishi Dar wakati wa mgao wa mwaka 2022, maji ya Mto Ruvu yalipopungua, anajua madumu 7 yanauma kiasi gani. Simtanki la lita 1,000, kwa choo peke yake, linakwisha siku ya tano kwa hilo la kwanza; kwa hili la pili linafika siku 11.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni vitufe viwili, 3 na 6. Sisi wengi tunatawaza kwa maji, karatasi ni chache, hivyo kitufe kidogo kinatosha mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Waelekeze watoto na wageni, maana wengi hubonyeza vyote kwa pamoja. Nunua bakuli na tangi vya seti moja. Bakuli la zamani lililoundwa kwa lita 9 ukilifungia tangi dogo, utaflashi mara mbili na faida yote imepotea.

Namba mbili ni sinki la kuchuchumaa la kumwagia kwa kopo, lita 2 au 3 tu. Kwa matumizi ya maji hakuna linaloligusa, na kwa choo cha nje cha wapangaji ningeliweka la kwanza. Limeshuka kwa sababu ya wazee na wenye magoti mabovu.

Namba tatu, lita 6 za kitufe kimoja. Halina ubaya, linamwaga lita 6 hata kwa mkojo, basi.

Mwisho kabisa, la lita 9 na yale makongwe ya 13, hata ukipewa bure. Mbali na bili, karo linajaa mapema na gari la majitaka unalilipa wewe. Kama tayari unalo, tumbukiza ndani ya tangi chupa ya lita moja iliyojaa maji. Tofali liache, linamomonyoka na kuharibu raba.

Wenye visima vya maji ya chumvi wachague vifaa vya ndani vya plastiki, chuma kitaliwa na kutu. Na kabla hujanunua chochote, tia rangi ya chakula kwenye tangi la sasa, kaa nusu saa bila kuflashi. Rangi ikionekana bakulini, raba ya chini inavuja mchana na usiku, na raba huuzwa peke yake.