Kabla hujanunua kwadi, ishushe mlima

Kwadi yangu ya kwanza, yaani pikipiki ya matairi manne, niliinunua Arusha, duka ambalo silitaji maana bado nina ndugu wanaokaa mtaa ule. Nyekundu, mpya, cc 150, ubavuni imeandikwa 4x4 kwa herufi kubwa kama za basi la mkoani. Wiki ya tatu nikaipeleka Kibosho, mlimani Kilimanjaro, kwa mjomba. Kupanda ikapanda vizuri, nikajisifu. Wakati wa kurudi mjomba akanifungia mikungu miwili ya ndizi nyuma, nikaanza kushuka ile njia ya udongo mwekundu inayokatiza vihamba, yale mashamba ya migomba na kahawa.

Nilipoachia mafuta nilitegemea injini inizuie, kama gari likiwa gia ya kwanza. Mlio ukashuka, halafu kitu kikaachia chini yangu, kwadi ikaanza kwenda yenyewe kama toroli. Nikabana breki. Ikashika, ikashika, ikaanza kunuka, mwisho mkono wa breki ukaja mpaka ukagusa mpini. Ndizi zilitangulia kwenye mfongo, ule mfereji wa maji, mimi nikafuata. Bibi mmoja aliyekuwa anakata majani ya ng'ombe akaja mbio, akaniangalia goti, akaiangalia kwadi, akasema: "Pole mwanangu. Matairi yote manne haya, yameshindwaje kusimama?"

Jibu nililipata kwa fundi wa pikipiki za toyo pale Moshi, alipofungua ule mfuniko wa pembeni. Kwadi nyingi za bei ya chini zina injini ya aina ya GY6, ambayo kwa asili ni ya skuta. Ndani kuna mkanda na klachi inayoshika injini ikizunguka kwa kasi tu. Ukiachia mafuta, mzunguko unashuka, klachi inafunguka, na tangu hapo injini na magurudumu havijuani. Uzito wote unabaki kwa breki, na nyuma breki yenyewe ni diski moja kwenye ekseli moja inayohudumia matairi yote mawili. Ukiwa tambarare hutagundua kasoro hii hata mwaka mzima. Sasa niambie, kuanzia Ngaramtoni mpaka Marangu, njia gani nzuri ya kutembea haina mteremko?

Ndiyo maana mkiniandikia "dada, nichukue cc ngapi", au mkiuliza winchi na taa za urembo, huwa nachelewa kujibu. Mimi nauliza inashukaje.

Ya kwanza kwangu ni Yamaha Kodiak 450, na sijifichi, mimi ni mtu wa Yamaha. Nayo inatumia mkanda, lakini Yamaha wameweka klachi ya upande mmoja na mkanda unabaki umekazwa muda wote, kwa hiyo ukiachia mafuta injini inaendelea kukushikilia mpaka chini. Ukiwa kwenye 4x4 magurudumu yote manne yanazuiwa. Unaweka L, ile gia nzito ya mwendo mdogo, juu ya mteremko kabla hujaanza kushuka, unasogea nyuma kwenye kiti, vidole vinakaa tu juu ya breki. Breki ya nyuma imefungiwa ndani, diski zake zinaogelea kwenye oili, hivyo vumbi la Oldonyo Sambu na tope la masika haviifikii. Injini ni cc 421, inatosha sana kwa njia zetu. Grizzly 700 ya kampuni hiyohiyo ina nguvu zaidi na inashuka kwa utulivu uleule, ila kwa kupita kati ya migomba na kahawa nguvu hiyo utaitumia wapi? Ya kwangu niliinunua ikiwa imetumika, kutoka kwa meneja wa shamba la maua Usa River aliyekuwa anahama. Ina mikwaruzo kila upande. Siibadilishi.

Ya pili, Honda Rancher 420. Hii haina mkanda kabisa, ina gia halisi kama pikipiki, na zipo za kubadili kwa mguu, za vitufe na za kujibadili zenyewe. Kwa kushuka, gia ya kwanza ya Honda ni kama mtu amekushika kiuno. Mkanda wa kulowana ukivuka mto haupo, wala wa kukatika. Nimeiweka ya pili kwa sababu ya mgongo wangu: matoleo ya kawaida yana ekseli moja ngumu nyuma, na kila mzizi wa mti wa mruka unaukuta kiunoni. Zipo zenye magurudumu ya nyuma yanayojitegemea. Ukiipata hiyo na ukaniambia Honda ni namba moja, sitagombana na wewe sana.

Suzuki KingQuad, ya 500 au 750, ina mkanda lakini imetengenezewa breki ya injini, na inafanya kazi. Heshima yao pia: kwadi ya kwanza ya matairi manne kuuzwa ilikuwa ya Suzuki, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wenzao wanauza za matairi matatu zinazopinduka. Polaris Sportsman 570 ya Marekani ina kiti kizuri kuliko zote, kama kochi. Ila mkono mmoja wa breki unabana mbele na nyuma kwa pamoja, na mimi kwenye changarawe ya mteremko nataka niamue mwenyewe gurudumu lipi libanwe.

CFMOTO ni Mchina, lakini si ukoo mmoja na ile iliyonitupa mfongoni. CForce 450 naweza kumshauri mtu, baada ya kuijaribu mteremkoni. Zile za cc 150 na 200 za cheni, mnunulie mtu unayemdai.

Sasa wauzaji. Hiyo 4x4 ya ubavuni kwangu ilikuwa stika. Piga magoti uchungulie kati ya matairi ya mbele: kama ni 4x4 kweli utaona shafti zinatoka katikati kwenda kila gurudumu, zimevaa mpira wenye mikunjo. Ukiona vyuma vya usukani na shoki tu, inavuta nyuma peke yake, hata waandike nini. Halafu bei. Tangu 2025 serikali imepiga marufuku kutangaza bei kwa fedha za kigeni, basi wao wameifuta ukutani, wanakunong'oneza sikioni. Kodiak 450 mpya huko Marekani ni zaidi ya dola 6,000, haijapanda meli, haijaona ushuru wala VAT ya asilimia 18, kwa hiyo najua haiwezi kuwa rahisi hapa. Kinachoniudhi ni mtu kukutajia bei tatu kwa siku moja kulingana na gari ulilokuja nalo. Nilipoenda na toyo nilipata nafuu kubwa kuliko nilipopelekwa na Prado ya shemeji.

Na ile ya "kiti kirefu, mnakaa wawili" msiikubali. Kiti kimerefushwa ili dereva asogee mbele akipanda na nyuma akishuka. Kwadi nyingi za kazi zimeandikwa kabisa kwamba ni za mtu mmoja, na kwa kwadi za watu wazima watengenezaji wanasema asiendeshe aliye chini ya miaka 16. Mishikaki, kupakizana watu wengi, tuwaachie bodaboda.

Jaribio lenyewe halihitaji fundi. Arusha nenda Ilboru, Moshi panda kidogo barabara ya Kibosho. Ukiwa juu weka L, anza kushuka polepole, achia mafuta yote na breki usiiguse, iwe karibu tu. Injini inapaswa kunguruma na mwendo ubaki uleule. Ukisikia mlio umelegea na kwadi imeongeza kasi, bana breki taratibu, geuza, mrudishie funguo. Mimi juzi nimekwenda na rafiki yangu kuangalia moja, muuzaji akatuambia kwake hakuna kujaribu mlimani, ni kuzungusha hapo uani tu, kwenye pevingi. Tukamuaga, tukaenda kula ndizi nyama.