Dragon: mashua ya mbio waliyoipenda wana wa wafalme, na mambo ya kukagua kabla ya kuinunua

Dragon ikiwa imefungwa gatini inavutia macho: omo (sehemu ya mbele) ndefu iliyochongoka, tezi (sehemu ya nyuma) nyembamba, sitaha iliyokaa chini karibu na maji. Urefu wake ni mita 8.90, upana haufiki mita 2, na inahitaji kina cha maji cha mita 1.20. Ina uzito wa kilo 1,700, na zaidi ya nusu ya uzito huo ni farumi, yaani uzito wa kuituliza mashua, ya chuma iliyofungwa kwenye mkuku, uti wa chini wa mashua. Tabia zote za mashua hii, nzuri na mbaya, zinatokana na chuma hicho.

Mnorwe Johan Anker aliichora mwaka 1929, iwe chombo cha bei nafuu chenye mahali pa kulala watu wawili, cha kutembelea visiwani mwishoni mwa wiki. Mbio ndizo zilizoibeba. Ilikuwa kwenye Olimpiki kuanzia 1948 hadi 1972, na orodha ya waliokaa kwenye usukani wake haina mfano. Mwaka 1960 Constantine, mrithi wa kiti cha Ugiriki, alishinda dhahabu huko Naples kwa mashua iitwayo Nirefs, akiwa na Odysseus Eskitzoglou na Georgios Zaimis. Ugiriki ilikuwa haijaonja dhahabu ya Olimpiki tangu 1912. Kwa Uingereza, Bluebottle, mashua waliyopewa Elizabeth, aliyekuja kuwa malkia, na mumewe Philip kama zawadi ya harusi, ilileta shaba ya Melbourne mwaka 1956, nahodha akiwa Graham Mann. Juan Carlos, kabla hajawa mfalme wa Hispania, alishindana Kiel mwaka 1972 akamaliza wa 15. Frederik, ambaye sasa ni mfalme wa Denmark, ameshindana kwa Dragon kwa miaka mingi.

Nafasi hiyo ya 15 ndiyo sifa kubwa kabisa ya mashua hii. Umbo, uzito, mlingoti na matanga hupimwa kwa kanuni moja, kwa hiyo mwana wa mfalme hawezi kununua chombo cha daraja lile kilicho tofauti na cha fundi seremala aliye ubavuni mwake. Anayeshinda ni yule anayeusoma upepo vizuri zaidi.

Majini, jambo la kwanza utakalolihisi ni uzito. Dragon haishtuki upepo unapopuliza ghafla. Inalala kidogo, inajishika kwenye farumi, inaendelea. Na kwa kuwa omo na tezi zimetokeza mbali juu ya maji, ikilala inagusa maji kwa urefu zaidi, na mwendo unaongezeka. Kwenye mawimbi mafupi ya upepo wa omo inapita pale mashua nyepesi zinaposimama. Lakini ikishapoteza mwendo, hata wewe nahodha mzoefu utaungoja urudi. Hapo ndipo wageni wa chombo hiki wanapoharibu bisho, yaani kugeuza omo ipite kwenye upepo. Wanausukuma usukani kwa nguvu, ubao wake unageuka breki, na kilo 1,700 zinasimama katikati ya upepo. Geuza polepole. Baharia wa mbele aiachie jenoa, lile tanga la mbele, pale tu inapoanza kupulizwa kinyume, kisha aivute upande wa pili kwa mkono kabla haijajaa, maana ikishajaa ni kazi ya winchi. Ukishageuka, legeza demani, ile kamba ya kukazia tanga, kiasi cha shubiri moja, iache omo ianguke kidogo kutoka kwenye upepo, upate mwendo, ndipo ukaze tena.

Mlingoti ni mwembamba na matanga si madogo: tanga kubwa na jenoa kwa pamoja ni mita za mraba 27.7, na spinaka, lile tanga la puto la kwenda na upepo wa tezi, ni 23.6. Mlingoti huo unashikiliwa kwa nyuma na waya mbili za kukazwa kwa zamu, moja kila ubavu. Ya upande wa upepo ikazwe, ya upande wa pili ilegezwe. Ukisahau kuilegeza ya pili, boriti ya tanga inaigonga na mashua inajigeuza yenyewe kuelekea upepo. Ukisahau kuikaza ya kwanza huku spinaka imejaa, kilele kinavutwa mbele na mlingoti unaweza kuvunjika. Kwa hiyo kwenye kugeuza tezi ipite kwenye upepo, kazi ya waya hizo apewe mtu mmoja, asiwe na kazi nyingine yoyote.

Ubaya mkubwa upo kwenye shimo wanamokaa mabaharia. Liko wazi, na kingo zake ziko chini. Upepo ukizidi noti 20 (maili 20 za baharini kwa saa), spinaka ikaivuta mashua ikalala kabisa, maji yanaingia kwa wingi, ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya mashua, inajaa, na chuma kile kilichokuwa kinakulinda kinaanza kukuvuta chini. Dragon za zamani zisizo na vyumba vilivyozibwa omo na tezi huzama. Spinaka ikianza kuwazidi, legeza demani yake kwanza kabla ya kupigana na usukani. Na pampu ijaribiwe gatini kila siku, hata kama jana ilifanya kazi.

Wengi huilinganisha na Soling, mashua nyingine ya mbio za Olimpiki, ambayo Harald wa Norwe aliiendesha mwaka 1972 na Felipe wa Hispania akashika nafasi ya sita nayo Barcelona mwaka 1992. Soling ni ya mita 8.2 na kilo 1,035, inashika kasi upesi, ila inadai ujining'inize nje ya ubavu mpaka tumbo liwake moto. Dragon inawapokea watu wa miaka 60 bila kuwaadhibu. Kwa anayetaka kushindana maisha yake yote, Dragon ndiyo bora.

Ya kununua ni ya faibaglasi. Kagua mstari unaokutanisha mkuku na tumbo. Michirizi ya kutu pale ni dalili ya bolti zinazokunywa maji, na kuzibadilisha kunahitaji winchi ya kuinulia na mfuko mzito. Bonyeza sitaha kuzunguka mlingoti na mahali nyaya zinapofungwa. Ikibonyea, ndani kumeoza. Ukiangukia ya mbao kwa bei ya kutupa, tazama mataruma, zile mbavu za mashua, pale tumbo linapojikunja, maana ndipo yanapokatika. Kisha iteremshe bila matanga, iache siku tatu mbao zivimbe na kujifunga, mtu akikaa karibu na pampu, ndipo utweke.