Uzoefu wangu: anotesheni kwenye msimbo wa C zimeipa analaiza macho

Mimi ni mtu wa C, C++ kidogo, na analaiza (programu inayosoma msimbo na kutafuta hitilafu bila kuuendesha) ninayoitumia sana ni ile ya kompaila ya Clang, naiendesha kwa amri ya scan-build. Hapa sitaisifia analaiza yenyewe, nataka kuongelea zile anotesheni, yaani alama fupi za maelezo unazoziandika mwenyewe kwenye msimbo ili iweze kukusaidia, maana naona wengi wanaiendesha siku moja, inawamwagia maonyo ya uongo, wanasema haifai wanaifuta. Bila anotesheni hata mimi ningeifuta.

Inavyofanya kazi ni hivi, inapita kwenye fanksheni njia moja moja, kila if inagawanya njia mbili, na kwenye kila njia inakumbuka kwamba hapa pointa hii ni NULL (haielekezi popote), hapa memori hii imeshaachiwa. Kitu kizuri sana hicho. Tatizo linakuja ukiita fanksheni iliyoko kwenye faili lingine, kwa kawaida inaangalia faili moja kwa wakati, kwahiyo ndani ya fanksheni ile ya mbali haioni chochote, ina tangazo tu kutoka kwenye heda (faili la .h lenye majina na aina za fanksheni bila mwili wake). Hapo ndo inabidi ibahatishe, na ikibahatisha ama inakaa kimya kwenye hitilafu ya kweli ama inapiga kelele pasipo na kitu. Anotesheni ni ahadi unayoiandika pale kwenye heda, ili ile fanksheni ya mbali isibaki gizani.

Anza na noreturn, nakuambia anza na hii kabla ya nyingine zote. Karibu kila mradi wa C una ile fanksheni, tuiite fatal, inayoandika ujumbe wa kosa alafu inaita exit. Analaiza haijui kwamba ikifika pale programu imekwisha, inaamini msimbo unaendelea, kwahiyo unaangalia pointa kama ni NULL, unaita fatal, na mstari unaofuata inakuambia unatumia NULL. Weka `__attribute__((noreturn))` kwenye tangazo na kundi zima la maonyo ya uongo linaondoka kwa mpigo, yaani ripoti inasomeka. Ila usidanganye, kama ile fanksheni kuna siku inarudi (mfano kishughulikia assert ambacho kwenye dibagi kinaruhusu kuendelea) usiweke noreturn ya kawaida maana kompaila nayo inaiamini na itatupa msimbo unaofuata, tumia `analyzer_noreturn`, hiyo ni ya Clang na inasomwa na analaiza peke yake.

Na kuhusu assert zenyewe (ukaguzi unaosimamisha programu sharti lisipotimia), watu wanasahau kwamba nazo ni anotesheni. Ukiandika `assert(p != NULL)` analaiza inaielewa na inaacha ile njia ambayo p ni NULL. Sasa ukiichambua bildi ya relizi (ile ya kuwapa watumiaji) yenye NDEBUG, makro inayozima assert, assert zote zimefutika, maonyo yanarudi. Chambua bildi ya dibagi siku zote, hata maelekezo ya scan-build yanasema hivo.

Ya pili kwa faida ya haraka ni `format(printf, 1, 2)`. Kama una fanksheni yako ya kuandika logi inayopokea fomati kama printf, weka hiyo, na kuanzia hapo kila mahali mtu alipoandika `%s` akapitisha namba, kompaila inamshika hapo hapo, hata analaiza huhitaji. Alafu `warn_unused_result`, kwenye C++17 na C23 inaandikwa `[[nodiscard]]`, kwa zile fanksheni ambazo ukipuuza jibu lake umeumia. Jambo moja tu la kujua, kwenye GCC, kompaila nyingine, ile `warn_unused_result` ya zamani hainyamazi hata ukitanguliza `(void)` kuonyesha umelipuuza jibu makusudi, Clang inanyamaza.

Sasa nije kwenye nonnull, na hapa nisomeni taratibu jamani. Kuna `__attribute__((nonnull))` na kuna `_Nonnull`, zinaonekana ndugu lakini sio kitu kimoja. Ile ya kwanza ni ahadi kwa kompaila pia, ukisema parameta haiwi NULL basi kompaila ina haki ya kufuta ile `if (p == NULL) return` uliyoiweka ndani kwa usalama, na kama kuna mtu mahali fulani anapitisha NULL kweli, kinga yako haipo tena na hakuna aliyekuambia. `_Nonnull` na `_Nullable` za Clang haziathiri msimbo unaozalishwa, zinatoa maonyo tu. Kwenye laibrari inayoitwa na watu usiowajua mimi natumia `_Nonnull` na ile if naiacha ibaki. GCC haizijui hizo kwahiyo unazifunika kwenye makro (jina linalobadilishwa kabla ya kukompaili), heda moja ndogo tu inatosha.

Iliyonifurahisha kuliko zote ni ya thredi, yaani sehemu za programu zinazoenda kwa wakati mmoja. Clang ina `-Wthread-safety`, unaandika kwamba kigeu hiki kinalindwa na kufuli hili (`guarded_by`), na fanksheni hii isiitwe bila kufuli kushikwa (`requires_capability`), na yenyewe inakagua wakati wa kukompaili. Hitilafu za thredi ndo zile testi zinapita leo zinafeli kesho na hakuna anayejua kwanini, alafu hapa unaonyeshwa mstari kamili, mtu kaweka return ya mapema katikati na kufuli bado limeshikwa. Hii haifuati miito kwenda ndani ya fanksheni nyingine kabisa, kila kitu inakipata kwenye anotesheni, usipoandika haioni. Na kufuli lenyewe lazima liwe limewekewa anotesheni, `std::mutex` (kufuli la C++) ya libstdc++, laibrari ya C++ ya GCC, haina, kwahiyo niliandika klasi ndogo ya kuifunika.

Upande wa GCC, analaiza yake `-fanalyzer` ilikuja na GCC 10 mwaka 2020, na toleo la 11 likaongeza kitu nilichokuwa nakitamani: kwenye attribute ya `malloc` unataja fanksheni inayoachia ile rasilimali. Kama una db_open na db_close zako, unaziunganisha, na analaiza inaanza kukuambia umesahau kufunga, au umefunga mara mbili, au umeachia kwa `free` kitu ambacho sio chake. Wazo hili la kuandika ahadi kwenye msimbo lina umri, Linus Torvalds alianzisha sparse, kikagua msimbo cha C, mwaka 2003 kwa ajili ya keneli ya Linux, pale pointa iliyotoka kwa mtumiaji inawekewa `__user` na ukiigusa moja kwa moja unaonywa.

Kasoro zipo. Heda zinajaa, mtu mgeni akifungua anaona makro tupu. Na anotesheni isiyo kweli ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, kwasababu ndani ya fanksheni analaiza inachukua neno lako na kunyamaza. Kwahiyo kwenye rivyu anotesheni isomwe kama msimbo mwingine wowote, isipitishwe kama komenti.

Kwa mradi wa zamani usijaribu kuweka `_Nonnull` kila mahali kwa mara moja. Ukiiweka kwenye pointa moja tu ya heda, Clang inaanza kulalamikia zote zilizobaki kwenye heda ile, na utakata tamaa. Heda mpya zifunge kati ya `#pragma clang assume_nonnull begin` na `end`, ndani yake taja zile zinazoruhusiwa kuwa NULL tu, na za zamani ziguse siku unayozifungua kwa kazi nyingine.