Nyoka wa Kwanza wa Kufuga: Yupi Ununue, Yupi Umwache

Wengi wanaonunua nyoka kwa mara ya kwanza huvutwa na rangi. Mimi ningeanza kwa kumuuliza muuzaji: huyu anakula nini, na mara ya mwisho alikula lini? Nyoka aliyezaliwa kwa mfugaji, na aliyekwisha kuzoea panya wa kuyeyushwa kutoka kwenye friza, ndiye wa kuchukua hata kama rangi yake ni ya kawaida. Aliyekamatwa porini mara nyingi huja na minyoo na utitiri, ana hofu, na anaweza kugoma kula kabisa. Ukiweza, omba umwone akila kabla hujatoa pesa. Uliza pia sheria za nchi yako, kwa sababu baadhi ya aina huhitaji kibali.

1. Nyoka wa mahindi (Pantherophis guttatus)

Kwa mtu anayeanza, huyu ndiye namba moja, na sioni wa kumkaribia. Asili yake ni kusini-mashariki mwa Marekani. Akikua hufikia sentimita 90 hadi 150, hana sumu, ni mtulivu mkononi, na hana makuu kwenye chakula. Upande wenye joto wa kizimba chake uwe nyuzi 28 hadi 30 hivi, na upande wa pili uwe wa baridi kidogo ili achague mwenyewe. Kasoro yake ni kutoroka. Mtoto wake ni mwembamba kama penseli, na upenyo wowote ambao kichwa kinapita, mwili nao utapita. Nunua kizimba chenye kufuli.

2. Chatu mpira (Python regius)

Huyu anatoka Afrika Magharibi na ya Kati. Ni mnene, mfupi na mpole sana. Akiogopa hujikunja na kuficha kichwa katikati badala ya kuuma. Nimemweka wa pili kwa sababu ya chakula. Anaweza kukaa miezi bila kula, na mwenye nyoka akakosa usingizi ilhali nyoka mwenyewe hana tatizo. Dawa ni kumpima uzito mara kwa mara: usipopungua sana, subiri. Anahitaji pia unyevu zaidi kuliko nyoka wa mahindi, la sivyo gamba hutoka vipande vipande na kubaki juu ya macho.

Fikiria na umri. Miaka 20 hadi 30 ni kawaida kwake, na mwaka 2020 jike mmoja aliyekadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 60 alitaga mayai katika bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani.

Rangi zake zilizozalishwa na wafugaji ni nyingi mno. Ile iitwayo Spider naomba uikwepe: inakuja na hitilafu ya neva ya kurithi, kichwa hutikisika na wengine hupindua shingo wanapotaka kudaka chakula. Anayelipia uzuri huo ni mnyama mwenyewe.

3. Nyoka mfalme wa California (Lampropeltis californiae)

Chakula si shida. Shida ni kwamba anaweza kudaka hata kidole chenye harufu ya panya. Osha mikono kabla ya kumshika (na baada pia, maana nyoka wanaweza kubeba salmonela, bakteria wa kuharisha). Porini hula nyoka wenzake, kwa hiyo usithubutu kuweka wawili pamoja.

4. Boa

Mzuri, lakini hupita mita 2 na ana nguvu. Awe nyoka wako wa pili au wa tatu, si wa kwanza.

Wa kuacha: chatu wa Burma

Hupita mita 5. Waliotoroka na walioachiliwa huko Florida wamezaliana katika kinamasi cha Everglades na kupunguza mno wanyama wa asili, hata Marekani ikapiga marufuku kuwaingiza nchini mwaka 2012.

Ukishachagua aina, mkague nyoka mwenyewe. Mshike: mwili ujikaze na kukung'ang'ania, usilegee. Mdomo ufunge vizuri bila povu, na tundu la haja liwe safi. Tazama kando ya macho na chini ya kidevu. Vidoti vyeusi vinavyotembea ni utitiri. Akifika nyumbani mwache wiki nzima bila kumshikashika, kisha mpe mlo wa kwanza.

Suala la jina lisikuharakishe. Dume na jike ni vigumu kuwatofautisha kwa macho, hivyo mpaka mtaalamu ampime, jina linalofaa wote wawili ni salama zaidi. Nyoka hana masikio ya nje, na anachosikia hasa ni sauti nzito na mitetemo, kwa hiyo usitarajie aitike. Chagua fupi, lililo rahisi kuandika kwenye daftari kando ya tarehe ya mlo, uzito, na siku aliyojivua gamba. Daktari wa mifugo atakapoliomba daftari hilo, nawe una nyoka zaidi ya mmoja, kila mmoja awe na ukurasa wake.