Elfu themanini kufundishwa kuchota

Nyota moja, na hiyo naipa majani tu, maana yamekatwa vizuri. Somo lenyewe la gofu, saa nzima ya mipigo ya karibu na grini (yale majani mafupi yenye shimo) katika hoteli moja ya pwani ya mashariki hapa Unguja, limeniacha na hasira ambayo wiki kadhaa hazijaipoza.

Mpira uko hatua tatu nje ya grini, shimo liko hatua kumi na tatu ndani. Tambarare, katikati hamna mchanga wala mwinuko. Mwalimu ananikabidhi wedji ya digrii 60, fimbo yenye uso uliolala sana, ya kurusha mpira juu! Ya nini hapo? Mpira kama huo unataka kubingirika. Wachezaji wana hesabu yao ya kumi na mbili: toa namba ya fimbo kwenye 12. Fimbo ya chuma namba 9 inabakisha 3, yaani sehemu moja ya safari ya mpira hewani, tatu chini. Hatua nne zinauangusha mpira ndani kidogo ya grini, kumi na mbili zinazobaki unakwenda wenyewe. Grini ikipanda kidogo, shika namba 8.

Yeye kashikilia wedji yake: "Inua mpira! Inua!" huku akizungusha viganja kama anayechota maji kwa kata. Jamani, mpira unainuliwa na ulalo wa uso wa fimbo, hauinuliwi na mkono. Ukichota, mwili unaegemea nyuma, na fimbo inafika chini kabla ya kufika kwenye mpira. Hapo ni moja kati ya mawili: unachimba udongo na mpira unasogea hatua mbili, au ukingo wa fimbo unaupiga mpira kiunoni ukavuka grini nzima. Na ardhi yenyewe ni ya uwanda, udongo kiganja kimoja, chini jiwe. Tumbo la wedji, ule upande wake wa chini, linadunda juu ya ugumu ule hata kabla hujajua umekosea nini.

Nikachota, mpira ukavuka kweli. Akaninyang'anya fimbo mbele ya wageni waliokuwa wakinywa chai: "Mkono huu wa kuvutia makasia, si wa gofu." Wallahi, kwa sauti ile ile ya kumtajia mteja bei. Kakosea yeye, naaibishwa mimi, na elfu themanini keshaitia mfukoni.

Alipokwenda kupokea simu, kedi, yaani mbeba mfuko wa fimbo, mtu mzima, akanisogelea na kusema polepole: "Bwana, fagia, usichote." Akaniweka sawa: miguu shubiri moja baina yake, uzito zaidi ya nusu mguu wa kushoto na ubakie huko huko, mpira nyuma kidogo ya katikati, mikono mbele yake, fimbo ishikwe chini ya pale ulipozoea. Mabega ndiyo yanayokwenda, viganja vimekaa kimya. Akakunja kikoi akakilaza shubiri moja nyuma ya mpira, ukikigusa, umechimba. Akanionya na lile kosa la wengi, kurudisha fimbo mbali halafu kuogopa na kuipunguza mwendo pale pale kwenye mpira. Irudishe kidogo, ipite bila kusita. Na kweli, namba 9 ilifagia majani kama fagio la chelewa, mpira ukaanguka pale pale, ukabingirika taratibu.

Kwa dakika kumi zile natoa nyota nne. Tano hata.

Kisha mwalimu akarudi, akaona kikoi chini, akamwambia mzee wa watu: "Kazi yako kubeba mfuko." Basi, moja. Somo la kupiga mpira ulio mchangani nalo lilikuwamo katika bei. Tulipewa dakika tano, sisemi kitu.

Lakini kiwanja msikisuse. Somo msilipie. Kodini mipira na chuma namba 9, muulizieni kedi yule, na chake mpeni mkononi.