Maombezi ya Kulipia: Huduma Niliyoijua Kabla Haijapata Bei

Huduma ninayoitathmini hapa ni ibada ya maombezi ya kila Jumatano na Ijumaa inayofanyika katika ghorofa ya pili ya jengo moja la maduka huku Eastlands, Nairobi, juu ya kinyozi na duka la vipuri vya magari. Jina la kanisa na la mchungaji nitayaacha, kwa kuwa malalamiko yangu hayajasikilizwa mbele ya hakimu. Nilihudhuria mara tatu mwaka huu nikimsindikiza shangazi yangu, ambaye ni mgonjwa wa kisukari, na kwa ziara zote tatu tulitoa shilingi 8,400. Ningeweza kuandika mistari miwili ya hasira nikaishia hapo, lakini mchungaji huyu nilimfahamu tangu mwaka 2011, na wakati huo hakuwa mwizi.

Alikuwa akihubiri saa ya chakula cha mchana katika bustani ya Jeevanjee, pale ambapo wafanyakazi wa maofisini na watu wanaotafuta kazi huketi nyasini wakisubiri saa nane. Hakuwa na kipaza sauti, na gamba la Biblia yake lilishikiliwa kwa selotepu. Siku moja mama mmoja alichomeka noti ya shilingi 50 katikati ya kurasa za Biblia hiyo. Mchungaji aliitoa, akamwita kijana aliyekuwa amelala chini ya mti, akampa mbele yetu sote, kisha akaendelea na Waraka wa Yakobo pale alipokuwa ameachia. Mimi nilikuwa nimemaliza miezi saba bila kazi. Aliniombea akiwa amevua viatu, akaniuliza ninaishi wapi, akanipa shilingi 40 za nauli. Kama ningeulizwa wakati ule kuitathmini huduma yake, ningeandika kwamba bei ni bure, foleni hakuna, na mteja huondoka akiwa na zaidi ya alichokuja nacho.

Baadaye akapata ukumbi. Hilo halikuwa kosa, maana mvua ya Aprili haimpishi mhubiri, na waumini walikuwa wameongezeka. Ukumbi ulileta kodi, kodi ikaleta vipaza sauti ili watu wajae, na vipaza sauti vikafuatwa na kipindi cha redio cha alfajiri, ambacho hulipiwa kabla hakijaenda hewani, muumini atoe au asitoe. Nilimsikia yeye mwenyewe akilia madhabahuni, yapata mwaka 2016, kwamba wiki hiyo wamepungukiwa na fedha za kipindi. Nadhani machozi yale yalikuwa ya kweli. Nadhani pia kwamba ndiyo siku aliyogundua kuwa machozi hufungua mikoba kuliko mahubiri.

Si yeye wa kwanza kupitia njia hiyo. Jim Bakker, mhubiri wa Marekani, alianza na kipindi cha televisheni cha maombi na mazungumzo, kikakua hadi kikahitaji mamilioni ya dola ili kibaki hewani, ndipo akaanza kuwauzia watazamaji haki ya kulala siku tatu kila mwaka, maisha yao yote, katika hoteli ya kanisa, kwa mchango wa dola 1,000 kila mmoja. Aliuza nafasi nyingi mno kuliko vyumba vya hoteli, ambavyo vilikuwa takriban 500, na nyingine kwa jengo ambalo halikuwahi kukamilika. Mwaka 1989 alihukumiwa kifungo cha miaka 45, adhabu iliyopunguzwa baadaye kwenye rufaa, na akatoka gerezani mwaka 1994. Kinachonigusa katika kisa hicho ni kwamba ombi la kwanza la mchango huenda lilikuwa halali kabisa. La elfu moja ndilo lililokuwa wizi, na katikati hakuna mstari uliochorwa sakafuni.

Sasa nirudi kwenye ukumbi wetu. Mapokezi ni mazuri kuliko ya zahanati nyingi: viti vya plastiki vimepangwa, kuna maji ya kunywa, na wahudumu waliovaa sare ya zambarau humwita kila mtu mama au baba. Kila anayefika hupewa fomu ya kuandika jina, mtaa, jina la marehemu wa karibuni katika familia, na shida iliyomleta. Fomu hulipiwa shilingi 300. Katika ziara ya kwanza mimi ndiye niliyemjazia shangazi, na kwa haraka nikaandika kwamba anaumwa goti la kushoto, ilhali maumivu yake yako katika wayo wa kulia. Dakika arobaini baadaye mchungaji alifumba macho, akatetemeka, akatangaza kwamba Roho anamwonyesha mama mmoja kutoka mtaa wetu mwenye goti la kushoto lililofungwa na adui. Shangazi alinitazama. Kisha akasimama na kuchechemea hadi mbele, kwa mguu wa kulia.

Ziara ya pili ilikuwa ya beseni, shilingi 1,000. Shangazi aliingiza miguu katika maji safi, mhudumu akaipangusa kwa taulo jeupe, na maji yakageuka mekundu yenye rangi ya zambarau. Ukumbi mzima ukapiga vigelegele kwamba damu ya laana inatoka. Wakenya waliotazama runinga ya KTN mwezi Novemba mwaka 2014 wanaujua mchezo huo, kwa sababu ulionyeshwa hatua kwa hatua: ni chembe za potasiamu pamanganeti, ambazo hununuliwa dukani kwa bei ndogo na hutumiwa kusafisha vidonda. Dawa hiyo huacha doa la kahawia kwenye ngozi. Niliziangalia kucha za yule mhudumu, msichana wa miaka ishirini hivi, zikawa za kahawia hadi kwenye nyama. Aliona kwamba nimeona, akaikunja mikono yake ndani ya taulo.

Mafuta ya upako, shilingi 1,500 kwa chupa inayotoshea kiganjani, yananukia kama mafuta ya watoto, na sina la kuongeza.

Ziara ya tatu, ile ya faragha, iligharimu shilingi 5,000, na ndiyo inayoniandikisha tathmini hii. Mchungaji alimwambia shangazi kwamba vidonge ni ushahidi wa kutoamini, aviache kwa siku ishirini na moja. Hapo pesa si hoja tena. Nchi hii inajua mahubiri dhidi ya hospitali yanaweza kufika wapi: Paul Mackenzie, aliyekuwa dereva wa teksi Malindi kabla ya kuanzisha kanisa lake mwaka 2003, alihubiri dhidi ya shule na matibabu, akalifunga kanisa mwaka 2019 na kuhamia msitu wa Shakahola, na kuanzia Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ya wafuasi wake ilifukuliwa msituni humo. Alishtakiwa mwaka 2024 kwa makosa yakiwemo ugaidi na kuua bila kukusudia, naye akayakana. Simweki mchungaji wetu katika daraja hilo. Nasema tu kwamba siku ya tisa bila vidonge, kipimo cha sukari cha shangazi katika zahanati kilisoma 24, kiwango cha hatari, na daktari hakuuliza habari za imani.

Kuhusu huduma baada ya mauzo, hakuna. Nilipoomba kurudishiwa pesa niliambiwa kwamba sadaka hairudi mkononi. Nilikwenda kituo cha polisi, afisa wa zamu akaniuliza kama tulilazimishwa. Kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, kinachohusu kujipatia mali kwa njia ya ulaghai, hakitaji kulazimishwa. Kinataja uongo, na adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka mitatu. Nilimsomea kutoka kwenye simu yangu, akaandika kwenye kitabu cha matukio kwa mwandiko mdogo sana. Kanuni za kusimamia makanisa zilizopendekezwa mwaka 2016 ziliachwa baada ya viongozi wa dini kuzipinga, na jopo la serikali kuhusu usimamizi wa makanisa, lililoongozwa na Mutava Musyimi baada ya Shakahola, liliwasilisha ripoti yake mwaka 2024, lakini nilipokwenda kulalamika mteja hakuwa na pa kupeleka malalamiko ila kwenye kitabu hicho.

Natoa nyota moja kati ya tano, na si ya mchungaji. Tulipokuwa tukishuka ngazi siku ile ya mwisho, yule msichana mwenye kucha za kahawia alitufuata hadi kwa kinyozi, akamshika shangazi mkono kana kwamba anamsaidia kuvuka mtaro, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, vidonge usiache." Shangazi hakumsikiliza wakati ule. Sasa anavimeza kila asubuhi, na humtaja msichana huyo anapoomba.