Fens ya Uingereza kwa miguu: vilima hakuna, upepo upo

Natoa alama za njia tatu mapema kwa msio na muda wa kusoma yote. Njia ya mbao ya Wicken Fen: nyota tano. Ely hadi Littleport kando ya mto: nyota nne. Cambridge hadi Ely: nyota tatu, na zaidi ya nusu nimezitoa kwa sababu ya kipande cha mwanzo.

Fens ni ile tambarare ya mashariki mwa Uingereza inayoanzia karibu na Cambridge na kwenda kaskazini mpaka ghuba ya The Wash. Zamani ilikuwa kinamasi, leo sehemu kubwa ni mashamba. Mama yangu alikuja kututembelea akitokea Tanga, na magoti yake hayasikilizani tena na ngazi, achilia mbali milima ambayo Waingereza wanapenda kupeleka wageni. Nikataka mahali ambapo mtu anatembea tu bila kupanda chochote. Hapa kitu pekee cha kupanda ni tuta la mto.

Lakini ukishafika juu ya tuta hilo, simama kwanza. Mto uko upande mmoja, mashamba upande wa pili, na mto ndio ulio juu! Mama aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akaniuliza, "Mwanangu, haya maji yakiamua kushuka?" Swali la haki kabisa. Katika karne ya 17 matajiri wakiongozwa na Earl wa Bedford walimwajiri mhandisi Mholanzi, Cornelius Vermuyden, akachimba mifereji mikubwa iliyonyooka ili kuyakimbiza maji baharini. Kinamasi kikakauka. Tatizo ni kwamba udongo wake mweusi, ambao ni mabaki ya mimea yaliyorundikana kwa maelfu ya miaka, ukikauka husinyaa na kuoza, na ardhi inadidimia. Mashamba yakashuka, mito ikabaki juu ikishikiliwa na matuta. Kwa hiyo maji ya shambani hayawezi kufika mtoni yenyewe. Ni lazima yapandishwe. Walianza na vinu vya upepo, wakaja na mashine za mvuke, na leo ni pampu za dizeli na umeme. Pampu zikizimwa, swali la mama linapata jibu lake.

Anayetaka kuyaona haya kwa macho aende Holme Fen, karibu na Peterborough. Kuna nguzo ya chuma iliyozamishwa ardhini miaka ya 1850 kichwa chake kikiwa usawa wa udongo. Sasa imechomoza karibu mita nne. Hakuna aliyeivuta, ardhi ndiyo iliyoshuka, na mahali hapo sasa pako chini ya usawa wa bahari.

Sasa Wicken Fen. Hiki ni kipande cha kinamasi ambacho, tofauti na majirani zake, hakikukaushwa, na National Trust, shirika la hisani la kuhifadhi maeneo ya asili na ya kihistoria, walianza kukinunua kidogo kidogo tangu 1899. Njia ya mbao ni mzunguko wa kilomita moja na kidogo, iko bapa, na kigari cha mtoto au kiti cha magurudumu kinapita bila shida. Matete yanakuzidi kimo pande zote mbili. Ukienda kiangazi siku ya jua utaona kereng'ende wa kila rangi, na juu yao kipanga akizunguka taratibu akitafuta chakula. Kuna kinu kidogo cha mbao cha kusukuma maji, na kwa mbali farasi wafupi wa rangi ya kijivu, aina ya konik kutoka Poland, walioletwa ili wale majani na kuzuia vichaka visitawale. Kilichomfurahisha mama si farasi wala ndege. Ni kusikia kwamba nyasi za hapa zimekuwa zikikatwa kwa mamia ya miaka kwa ajili ya kuezekea nyumba. Kuanzia hapo akawa mtaalamu: alizipima kwa vidole, akasema ni nzuri ila makuti yanafumwa vizuri zaidi. Sikumbishia.

Upungufu ni usafiri. Bila gari Wicken ni tabu, kwa maana iko kama kilomita 15 kutoka Ely na huwezi kutegemea basi. Ukiwa na gari, maegesho yanalipiwa kama si mwanachama wa National Trust. Choo kipo, chai ipo, mabenchi yapo.

Ely hadi Littleport ndiyo ya wasio na gari. Unashuka treni Ely, dakika chache uko mtoni, unaufuata mto Great Ouse kilomita kumi hivi, kisha unapanda treni Littleport na kurudi. Nyuma yako kanisa kuu la Ely linakusindikiza karibu njia nzima, kwa sababu hakuna kitu cha kulificha. Mnara wake wa katikati ulianguka mwaka 1322, na badala yake wakajenga ule wa pembe nane unaouona sasa. Mto umenyooka na umetulia kiasi kwamba wapiga makasia wa Chuo Kikuu cha Cambridge hufanyia mazoezi hapa, na mwaka 2021 yale mashindano yao ya makasia ya kila mwaka na Chuo Kikuu cha Oxford yalihamishiwa kwenye maji haya kutoka London.

Hapo ndipo neno "rahisi" linapohitaji maelezo. Hakuna mti, hakuna ukuta, hakuna duka. Upepo ukianza hauna pa kugonga isipokuwa wewe. Mara nyingi huvuma kutoka kusini-magharibi, kwa hiyo anzia Ely ili ukusukume mgongoni. Anayeanzia Littleport anaupokea usoni saa zote. Maliza haja kabla ya kuondoka mjini. Beba chupa ya chai na kitu cha kutafuna. Njia ni ya nyasi, na baada ya mvua inateleza, hivyo raba nyeupe ziache nyumbani. Ng'ombe wanaolisha kwenye tuta wapishe tu, hawana maneno. Mama hakuja kwenye hii. Kilomita kumi si za magoti yake.

Cambridge hadi Ely ni kilomita 27 hivi, na mimi ningeishia Waterbeach, ambako kuna treni. Mpaka hapo mto Cam una uhai: boti ndefu nyembamba ambazo watu wanaishi ndani yake na nguo wameanika juu, bata, na lango la maji la Baits Bite ambapo unaweza kusimama ukatazama boti zikipandishwa na kushushwa. Baada ya hapo ni tuta, shamba, tuta. Wapo wanaopenda ukimya huo. Mimi baada ya saa mbili nilianza kuhesabu nguzo za umeme.

Msimu: Mei hadi Julai kwa Wicken. Kuanzia Novemba nenda hifadhi ya ndege ya Welney, humu humu Fens, ambako mabatamaji weupe kutoka Iceland hutua kwa maelfu kupitisha baridi, nawe unawatazama kupitia kioo kwenye chumba chenye hita.